Ile 2,500 iliyotuacha nje

Uzi mfupi, wadau. Kila kampeni kuna mtu hupanda jukwaani na kuahidi kulinda wapangaji. Sisi tunapiga makofi. Mimi huuliza: ule ulinzi wa zamani uliishia wapi?

1/ Kilio hiki si cha jana. Mwaka wa 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na gharama ya makao ilikuwa kati ya malalamiko yao. Serikali ya kikoloni ilianza kudhibiti kodi miaka ya vita. Mwaka wa 1959 ikaja Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, pamoja na jopo lake.

2/ Kwenye karatasi sheria hiyo ina meno. Mwenye nyumba hapandishi kodi anavyotaka. Hakutoi bila amri ya jopo. Akikusumbua ili uhame, hilo ni kosa.

3/ Sasa soma masharti. Ni nyumba ya kuishi tu; maduka yana sheria yao, ya 1965. Halafu kodi ya msingi isizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na tarehe ya kupimia ni Januari 1, 1981.

4/ Enzi hizo 2,500 zilikuwa pesa. Leo hata chumba kimoja mitaa mingi ya Nairobi kimepita hapo. Hakuna mbunge aliyepiga kura kutunyang'anya ulinzi. Bei zilipanda, sheria ikabaki pale pale.

5/ Mimi yalinikuta. Nilirudi kazini nikapata kufuli mpya mlangoni, watoto wamekaa kwenye ngazi. Nikasema naenda kwa jopo. Jirani anayejua sheria akaniuliza kitu kimoja tu: "Unalipa ngapi?" Nikamwambia 9,500. Akatikisa kichwa.

6/ Si kwamba jopo lina roho mbaya. Lina mamlaka yale tu sheria imelipa. Likivuka mpaka, uamuzi wake unaweza kufutwa kortini, hata kama ulikuwa wa haki. Aliye juu ya 2,500 anabaki na korti za kawaida, na huko kuna ada, wakili na tarehe za kuahirishwa. Nilipiga hesabu, nikahama.

7/ Kwa hivyo akija kuomba kura, usimuulize kama anapenda wapangaji. Wote watasema ndiyo. Muulize: hiyo 2,500 utaifanya ngapi? Na bei zikipanda tena, itapanda nazo, ama tutangoja miaka mingine arobaini?