Mwanya wa tairi: msamiati wa kuboresha mfumo wa springi wa gari la spoti

mwanya wa tairi nomino [u-/i-], wingi *mianya ya matairi*. Nafasi nyembamba iliyopo kati ya tairi na kitu chochote kilicho karibu nalo, kama vile madigadi, springi, shokapu, bomba la breki au chesisi. *Baada ya gari kushushwa, mwanya wa tairi la mbele ulibaki milimita chache tu.*

Istilahi hii hukutanwa zaidi katika maelekezo ya kubadili springi, shokapu na matairi ya magari yaendayo kasi. Makala haya yanaifafanua pamoja na maneno yanayoizunguka, kwa kuwa mtafsiri anayelikosea mojawapo huishia kumpa fundi maelekezo yasiyotekelezeka, na wakati mwingine ya hatari. Tairi linalosugua chuma katika mwendo wa kasi hukatika ubavu, na dereva hapati onyo la kutosha.

1. Mwanya, pengo, upenyo, nafasi na uvungu

Maneno haya matano hutajwa pamoja katika kamusi nyingi, lakini hayalingani.

*Mwanya* ni nafasi kati ya vitu viwili vilivyo mahali pake na vilivyokaribiana. Mtu mwenye mwanya ana meno yote. Kilichopo ni uwazi mdogo kati ya meno mawili ya mbele, na wengi huuhesabu kuwa uzuri. *Pengo* ni nafasi iliyoachwa na kitu kilichoondoka: mwenye pengo amepoteza jino. Kwa sababu hiyo, nafasi kati ya tairi na madigadi haifai kuitwa pengo. Hakuna kilichong'oka hapo. Nafasi hiyo imewekwa na waundaji wa gari kwa makusudi, ili gurudumu lipande, lishuke na kugeuka bila kugusa kitu.

*Upenyo* husisitiza kupita: ni uwazi ambao kitu hupenya kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hufaa kwa tundu la waya au bomba. *Nafasi* ni neno pana, nalo si kosa, ila linahitaji kufafanuliwa: *nafasi ya tairi* huweza kueleweka kuwa mahali tairi linapokaa, au hata mahali pa kuhifadhia tairi la akiba.

*Uvungu* ni nafasi iliyo chini ya kitu kilichoinuka, kama kitanda au meza. Methali husema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Neno hili linaufaa vizuri umbali kati ya ardhi na sehemu ya chini ya gari. *Gari hili lina uvungu mdogo. Halifai kwa barabara yenye matuta.* Kiingereza hutumia neno moja kwa uvungu wa gari na kwa mwanya wa tairi, kwa kuongeza kivumishi tu. Kiswahili kina maneno mawili tayari, na si busara kuyaacha. Gari linaweza kuwa na uvungu wa kutosha huku mianya ya matairi ikiwa finyu, na kinyume chake.

2. Gari la spoti, gari la michezo, gari la mashindano

*Gari la michezo* limeenea katika maandishi na linaeleweka. Udhaifu wake ni kwamba neno *michezo* huvuta pia maana ya viwanja, timu na wachezaji, hivyo msomaji anaweza kufikiria gari la kubebea timu. *Gari la spoti* halina utata huo na ndilo linalosikika zaidi katika mazungumzo ya wapenzi wa magari. *Gari la mashindano* ni kitu kingine: ni gari lililoandaliwa kwa ajili ya mbio, ambalo aghalabu halikusudiwi kwa safari za kila siku. *Gari la kuchezea* ni mwanasesere wa mtoto.

Tofauti hii ina uzito katika maelekezo ya kiufundi. Maandalizi ya mashindano hayana mwelekeo mmoja. Subaru Impreza zilizoshinda mbio za Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997 na 2000 ziliandaliwa kwa njia za vumbi, mawe na mito, ambako gari huhitaji uvungu mkubwa na springi zenye mwendo mrefu. Mwenye Impreza ya barabara ya lami, kwa kawaida, hutaka kinyume chake: gari likae chini na lisilale kwenye kona. Sentensi isemayo *springi za mashindano* bila kutaja mashindano gani haijasema lolote la kumsaidia fundi.

3. Mfumo wa springi na sehemu zake

*Mfumo wa springi* ni jina linalofaa kwa jumla ya viungo vinavyounganisha magurudumu na bodi ya gari na kuyaruhusu yapande na kushuka. Katika mfumo huo:

*Springi* hubeba uzito wa gari. *Ugumu wa springi* ni kiasi cha nguvu kinachohitajika ili ibonyee kwa kipimo fulani, na huandikwa kwa nyutoni kwa milimita. Isichanganywe na *uimara*, ambao ni uwezo wa kudumu. Springi laini inaweza kuwa imara kwa miaka mingi, na springi ngumu inaweza kukatika.

*Shokapu* huzuia springi isiendelee kudunda baada ya kubonyea. Katika maandishi rasmi waandishi wengine hutumia maelezo *kifyonza mshtuko*. Maelezo hayo yanakubalika, ingawa kwa hakika anayeupokea mshtuko wa kwanza ni springi. Shokapu hutuliza mdundo unaofuata. Mtafsiri anayeandikia mafundi afuate lugha yao: shokapu.

*Bushi* ni kipande cha mpira kilichovikwa katika maungio ili kupunguza mtetemo. *Stabilaiza* ni fimbo ya chuma inayounganisha magurudumu ya kushoto na kulia ili gari lisilale sana kwenye kona.

Katika magari mengi, ikiwamo Impreza, gurudumu la mbele hushikiliwa na mfumo unaobeba jina la mhandisi Earle MacPherson. Shokapu na springi husimama katika mhimili mmoja, sambamba na tairi na karibu nalo. Ndiyo maana katika magari ya aina hiyo mwanya wa upande wa ndani huwa jambo la kuangaliwa kama ulivyo ule wa upande wa madigadi.

4. Vitenzi vya kazi

*Kutengeneza* ni kurudisha kilichoharibika katika hali ya kufanya kazi. *Kukarabati* ni kutengeneza kwa upana zaidi. *Kubadili* ni kuondoa kimoja na kuweka kingine, ambacho huenda ni sawa na cha awali. *Kuboresha* ni kuweka kilicho bora kuliko cha awali. Mteja anayetaka *kuboresha* shokapu na kuandikiwa *kubadili* atauziwa shokapu mpya za kawaida, na fundi hatakuwa na kosa.

*Kushusha gari* ni kupunguza kimo chake kwa kuweka springi fupi, lakini pia ni kuliteremsha kutoka melini au kwenye jeki. *Kunyanyua gari* vilevile ni kuongeza kimo chake cha kudumu, au kuliinua kwa muda ili kufungua gurudumu. Penye utata, mwandishi aongeze kipimo: *gari lishushwe kwa milimita 30 kwa springi fupi*. Kihusishi *kwa* kitangulie kiasi cha mabadiliko; *hadi* kitangulie kimo cha mwisho. *Kushusha kwa milimita 30* na *kushusha hadi milimita 30* ni maagizo mawili tofauti kabisa.

5. Kusoma alama za tairi na rimu

*Gurudumu* ni kitu kizima kinachozunguka. *Rimu* ni sehemu yake ya chuma au aloi. *Tairi* ni mpira unaoivaa rimu. Alama *205/55R16* husomwa hivi: upana wa tairi ni milimita 205, kimo cha ubavu wake ni asilimia 55 ya upana huo, R huonyesha muundo wa nyuzi za radiali, yaani zinazotoka katikati kwenda nje, na rimu ina kipenyo cha inchi 16. Kosa la kawaida ni kuandika kwamba ubavu una kimo cha milimita 55. Kimo halisi ni milimita 112.75.

Tuseme mwenye gari anatoka 205/55R16 kwenda 225/45R17. Kipenyo cha tairi la kwanza ni milimita 631.9, na cha pili ni 634.3. Tofauti ni milimita 2.4, na nusu yake, milimita 1.2, ndiyo inayopungua katika mwanya wa juu. Hilo ni dogo. Lakini iwapo mtafsiri atakosea tarakimu moja na kuandika 225/55R17, kipenyo kitakuwa milimita 679.3. Mwanya wa juu utapungua kwa karibu milimita 24 kabla hata gari halijashushwa, na spidomita iliyokuwa sahihi itaonyesha kilomita 100 kwa saa ilhali gari linakwenda zaidi ya 107.

Upande wa ubavu, tairi jipya ni pana kwa milimita 20, yaani 10 kwa kila upande. Hapa inaingia *ofuseti*: umbali kutoka mstari wa katikati wa rimu hadi uso unaofungwa kwenye gari. Huandikwa kwa herufi ET na tarakimu za milimita. Ofuseti ikipungua, gurudumu husogea nje. Kutoka ET55 hadi ET53, gurudumu husogea nje kwa milimita 2. Hivyo mwanya wa ndani hupungua kwa milimita 8 na wa nje kwa 12. Rimu ya ET45 ingeuacha mwanya wa ndani ulivyokuwa, lakini wa nje ungepungua kwa 20. *Spesa*, kisahani kinachowekwa kati ya rimu na gari, hufanya kazi ileile ya kulisogeza gurudumu nje. Kwa hiyo isiandikwe kwamba spesa *huongeza mwanya* bila kutaja upande: huuongeza wa ndani kwa kuupunguza wa nje.

6. Tairi linapogusa

*Kugusa* ni kukutana mara moja au kwa wepesi. *Kusugua* ni kugusa kwa kurudiarudia huku tairi likizunguka. *Kukwaruza* ni kuacha alama juu ya uso. *Kugonga* hufaa pale springi inapobonyea hadi mwisho wa mwendo wake. Taarifa nzuri ya hitilafu hutaja kitenzi, upande na hali: *tairi la mbele kushoto husugua madigadi upande wa nje usukani ukikatwa kulia na gari likiwa na abiria wa nyuma*.

*Kula* na *kulika* hutumika kwa uchakavu. Mafundi husema *gari linakula matairi*, na maneno hayo hayana ubaya katika maandishi ya kawaida. Katika maandishi rasmi zaidi, *tairi limelika upande wa ndani* ni sahihi na wazi. Ulikaji wa aina hiyo huweza kutokana na *mwinamo wa gurudumu*, yaani kulazwa kwa gurudumu ili sehemu yake ya juu iingie ndani. Mwinamo huo huongeza mwanya wa juu upande wa madigadi, lakini ukizidi hulipia kwa mpira.

*Kukunja ukingo wa madigadi* ni kuulaza kwa ndani ule mdomo wa bati ili tairi lisiuguse. Ni tofauti na *kukata*, ambako bati huondolewa. Mtafsiri asivibadilishane: kilichokatwa hakirudi.

7. Makosa ya tafsiri yanayojirudia

Maneno mengi ya Kiingereza ya fani hii yana maana nyingine zinazojulikana zaidi, na tafsiri ya haraka au ya mashine huziangukia hizo. Mfumo wa springi hugeuka *kusimamishwa*, kama mtumishi aliyeondolewa kazini kwa muda. Mwanya wa tairi huwa *kibali cha tairi*, kama kwamba tairi linavuka mpaka. Springi huwa *chemchemi*, bushi huwa *kichaka*. Kulegea kwa kiungo huandikwa *mchezo*. Hapa tafsiri inakaribia ukweli, kwani mafundi husema *usukani unacheza*, lakini kitenzi ndicho kinachofaa, si nomino.

Njia ya kujihadhari ni kuuliza kitu hicho kiko wapi kwenye gari na kinafanya nini, kisha kutafuta neno. Anayeshindwa kukionyesha kwa kidole hajawa tayari kukitafsiri.

8. Upatanisho wa kisarufi

*Gari* na *tairi* ni za ngeli ya li-/ya- katika maandishi rasmi: *gari hili limeshushwa, matairi haya yanasugua*. Upatanisho wa i-/zi-, kama *gari imeshushwa*, husikika sana katika mazungumzo, lakini uepukwe katika miongozo. *Springi, shokapu, rimu, bushi* na *spesa* hufuata i-/zi-: *springi hii, springi hizi*. *Madigadi* pia huandikwa *madigadi hii, madigadi hizi*. Silabi *ma-* ni sehemu ya mzizi uliokopwa, si kiambishi cha wingi, hivyo hakuna umoja *digadi*.

Angalia pia: ekseli, gurudumu, kulika, mwinamo, pengo, uvungu.