Nafasi ya valvu na pistoni

Nafasi ya valvu na pistoni ni umbali mdogo unaobaki kati ya valvu iliyofunguka na kichwa cha pistoni. Hupimwa upya kila kemshafti, yaani mhimili wenye nundu za kufungulia valvu, au roka zinapobadilishwa ili kuongeza nguvu ya injini. Nundu ya mm 7 hufungua valvu mm 10.5 kwa roka ya uwiano 1.5, lakini mm 11.2 kwa uwiano 1.6. Tofauti ni ndogo, ila valvu ikigongwa na pistoni hupinda.

Fundi hubandika udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, hufunga silinda hedi na gasketi yake, huzungusha krenkishafti kwa mkono mizunguko miwili, kisha hufungua na kupima unene wa udongo uliobanwa. Kwa kawaida hutakiwa angalau mm 2 kwa valvu ya kuingiza na mm 2.5 kwa ya kutolea moshi. Hedi iliyochongwa hupunguza nafasi hiyo.