Dagaa kwenye hori la ng'ombe

Ibn Battuta alipotoka Kilwa, karibu na mwaka 1330, alitweka hadi Dhofar, kusini mwa Oman, na huko akakuta mifugo ikilishwa dagaa, jambo ambalo anasema hakuliona kwingine. Marco Polo alikuwa ameshasimulia habari hiyohiyo ya Shihr, pwani ya Yemen: visamaki huvuliwa Machi hadi Mei, huanikwa, huwekwa ghalani, na mifugo huvila mwaka mzima. Wagiriki waliwatangulia wote wawili. Mabaharia wa Nearchus, amiri wa meli za Aleksanda Mkuu, mwaka 325 kabla ya Kristo, walikula kondoo wa pwani ya Makran wakasimulia kwamba nyama ilikuwa na ladha ya samaki. Waandishi hawa walilichukulia jambo hilo kama kioja, nami naona kioja hakikuwa kwenye hori bali kwenye majira ya mwaka. Huko Dhofar kusi huvuma Juni hadi Septemba, hufunika milima kwa ukungu na manyunyu, na majani huota. Upepo huohuo huibua maji baridi yenye rutuba kutoka kilindini, dagaa wakapata cha kula, ingawa bahari iliyochafuka haivuliki. Kusi ikipoa, nyavu hushushwa wakati malisho ya mlimani yanaanza kukauka. Dagaa huanikwa mchangani hadi wakakamae, kisha hupandishwa kwa wafugaji, na samli hushuka pwani.

Nayasema haya kwa sababu siku hizi vichwa, matumbo na mifupa ya samaki pamoja na maganda ya kamba vinatajwa kama njia ya kuyatia maziwa mafuta ya omega-3. Historia haiungi mkono dai hilo, wala tumbo la ng'ombe haliliungi mkono. Mnyama anayecheua ana jeshi la bakteria katika tumbo la kwanza, nao hugeuza sehemu kubwa ya mafuta hayo kabla hayajafika kwenye kiwele. Kinachopenya ni kidogo. Ukizidisha mafuta ya samaki, mafuta ya maziwa yenyewe hupungua, na hapo samli imekwenda na maji. Samaki mkavu ana faida nyingine: protini yake nyingi hupita tumbo la kwanza bila kuvunjwa, na mifupa yake ina kalisi na fosforasi. Ng'ombe anayetafuna majani makavu anapungukiwa hasa na protini na fosforasi. Mfugaji wa Dhofar hakutafuta maziwa bora kuliko ya jirani, alitaka yasikauke. Wakulima wa kaskazini mwa Norwei nao, nyasi za akiba zilipokaribia kwisha, walichemsha vichwa vya chewa pamoja na mwani wakawapa ng'ombe. Hayo yalikuwa mabaki hasa.

Atatokea wa kuuliza kuhusu kichaa cha ng'ombe. Ugonjwa huo ulitambuliwa Uingereza mwaka 1986, na chanzo cha kuenea kwake kilikuwa unga wa nyama na mifupa ya mifugo, si wa samaki. Umoja wa Ulaya ulipozuia unga wa samaki kwa wanyama wanaocheua, kuanzia 2001, hofu kubwa ilikuwa kwamba ni vigumu kuutambua unga wa mamalia uliochanganywa humo. Mwaka 2008 unga wa samaki uliruhusiwa tena katika maziwa mbadala ya ndama.

Pingamizi zito zaidi kwangu dhidi ya kumlisha ng'ombe mabaki ya samaki liko Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Sangara akishatolewa minofu kiwandani, kichwa na uti wa mgongo wake, yaani mapanki, hukaangwa na kuuzwa, na kuna familia ambazo ndiyo mboga yao. Dagaa wa ziwani nao tayari wanagombewa na watengenezaji wa chakula cha kuku. Dhofar ilimpa ng'ombe samaki waliowazidi watu. Ukimpa mapanki, unamwondolea mtu sahani. Kwa hiyo hesabu ianzie kwenye matumbo na magamba, pale ambapo vitu hivyo havina mnunuzi, vikichemshwa na kukaushwa vizuri kwa ajili ya ng'ombe wa kiangazi, bila kuahidi omega-3 kwenye pakiti ya maziwa.