Kasia na Kafi

Mgeni ashukaye mwaloni Mwigobero, hapa Musoma, akawaona wavuvi wakirejea alfajiri na dagaa walionaswa kwa nuru ya taa katika usiku wa giza, huenda akadhani kwamba kila ubao uendeshao mtumbwi ni kasia. Kumbe lugha ya mabaharia, iliyo makini mno, hupambanua. Kafi ni fupi, lenye bapa pana, hushikwa kwa mikono miwili bila kufungwa popote, na mwenye kulipiga hutazama aendako; ilhali kasia ni refu, hutiwa katika kishwara, yaani kitanzi cha kamba ubavuni mwa chombo, na mvutaji wake aghalabu huipa kisogo pwani akusudiayo kuifikia, amana ya njia akimwachia mshika usukani. Kwa hiyo hunenwa kupiga kafi na kupiga makasia, lakini kuvuta hulielekea kasia zaidi, na neno hilo ni la haki, kwa kuwa mgongo mzima hushiriki.

Mashine zimeenea katika Ghuba ya Mara, na hata Ghuba ya Speke upande wa Bunda. Walakini petroli ikiisha, kasia ndilo hurudisha watu nyumbani.