Zamu ya Nyambizi, Zamu ya Lango

Kwa miongo kadhaa, mabaharia wa nyambizi za Marekani waliishi siku ya saa 18: saa 6 za zamu, kisha saa 12 za kugawanya kati ya matengenezo, mazoezi, masomo na usingizi. Aliyeingia zamu saa mbili usiku aliingia tena saa nane mchana, halafu saa mbili asubuhi, halafu saa nane usiku. Mwili wa binadamu huenda kwa mzunguko wa takriban saa 24, wala haukubali kufupishwa kiasi hicho. Baada ya nyambizi USS Scranton kujaribu ratiba nyingine safarini, jeshi lao lilianza mwaka 2014 kurudi kwenye siku ya saa 24: zamu ya saa 8, saa 16 nje ya zamu.

Alfajiri kwenye barabara ya Gitanga jijini Nairobi, masoja, yaani walinzi wa usiku, hutoka Lavington na Kilimani kwa miguu kurudi Kawangware. Wengi wao wamekuwa langoni tangu saa kumi na mbili jioni. Siku yao ni ya saa 24 kamili, na bado hawalali vizuri. Nairobi iko jirani na ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu, wakati huohuo wanapotembea. Mwanga huo huzuia melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala. Kisha wanajilaza chini ya mabati yanayoshika moto kabla ya adhuhuri, matatu zikipiga honi nje.

Merikebu za zamani za Uingereza zilikuwa na busara nyingine. Zamu zilikuwa za saa 4, ila ya jioni ilikatwa mbili, saa 2 na saa 2, ili aliyekesha usiku wa manane leo asikeshe saa zilezile kesho. Langoni kwetu usiku una mwenyewe, soja yuleyule kila siku, na siku yake ya mapumziko huamka mchana na watoto, mwili ukavurugika upya.

Kanuni ya jumla ya mishahara nchini huweka saa 52 za kazi kwa wiki, lakini kwa kazi ya usiku huruhusu 60. Hapo mimi naona kosa kubwa: aliye na usingizi mgumu zaidi ndiye anayeongezewa saa. Na zamu sita za saa 12 ni 72.

Karibu saa kumi alfajiri joto la mwili hushuka kabisa na umakini hupungua. Soja akisinzia hapo hukatwa mshahara. Mabaharia walibadilishiwa ratiba. Zamu tatu za saa 8 zinamhitaji soja wa tatu, na katika jengo la nyumba 40 za Kileleshwa mshahara wake hugawanywa mara 40. Wakazi wanaweza kulidai hilo siku ya kutia saini mkataba wa ulinzi.