Mkono Ulioshika Maiki

Ligombo halipigi kelele. Ni kipande cha mti kilichochongwa kama kihori, uzi ukapitishwa juu yake mara kadhaa, kikawekewa kibuyu cha kukuza sauti. Wahehe na Wabena huliimbia. Ukikaa hatua kumi kutoka kwa mpigaji utamsikia akiimba, lakini nyuzi zitakuponyoka. Kwa hiyo anayetaka kulirekodi ana swali moja kabla ya yote: asimame wapi?

Karl Weule, mtafiti Mjerumani, alipozunguka kusini mwa koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki mwaka 1906 alibeba fonografu. Haikuwa na maiki, ila pembe, na mwimbaji alilazimika kuisogelea. Maiki za umeme zilianza kutumika kwenye santuri mwaka 1925. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, hali ilikuwa imeshabadilika.

Kwetu nyanda za juu, mwaka wa kukumbukwa ni 1950. Hugh Tracey, mrekodi wa muziki wa Afrika, alizunguka Tanganyika akiwa na gari la mitambo, na katika Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, ambalo Njombe ilikuwamo, akawarekodi Wahehe na ligombo lao. Jenereta iliachwa mbali ili ngurumo yake isiingie. Maiki aliishika mwenyewe. Aliisogeza kwenye ala, akaipeleka kinywani mwa kiongozi, kisha kwa waitikiaji, wimbo ukiendelea. Hakukuwa na kurekebisha baadaye: mkono wake ndio uliopanga nani asikike. Leo tukisikiliza tunasikia ligombo, na tunasikia pia sikio la Tracey. Mimi namshukuru kwa kusogea karibu namna ile.

Kwaya ni kazi nyingine. Njombe ni makao makuu ya Dayosisi ya Kusini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), na huku watu hukua wakijua sauti ya kwanza hadi ya nne kabla ya kujua noti. Weka maiki karibu mno, utapata mama mmoja wa sauti ya kwanza na wengine wote nyuma yake kama wako chumba cha pili. Irudishe nyuma mno, unarekodi mabati. Ukiweka mbili bila kupima, sauti ileile inafika kila moja kwa wakati wake, zinafutana, besi inakonda. Mafundi hufuata kipimo hiki: umbali kati ya maiki na maiki uwe mara 3 ya umbali wa maiki na mwimbaji.

Mji wa Makambako una mtihani wake. Barabara ya Songea inaachana pale na ile ya Mbeya, malori hayalali, na TAZARA imepita hapo tangu miaka ya 1970. Halafu upepo, ule ambao wataalamu wameupima kwa ajili ya kuzalisha umeme! Upepo huo ukigonga utando wa maiki unatoa mlio kama wa ngoma mbovu, na maiki za utepe, zenye kipande chembamba cha alumini, unaweza kuzichana kabisa. Sifongo husaidia kidogo. Ukuta husaidia zaidi.

Siku hizi kwaya nyingi huingia studio na kuimba mmoja mmoja, hedifoni masikioni. Kazi inatoka safi. Ila wale watu 40 waliokuwa wakivuta pumzi pamoja hawamo, na mimi pumzi ile naitaka. Ningewapanga nusu duara kanisani, usiku, madirisha yamefungwa, maiki moja juu ya kichwa cha mwalimu wao, pale anaposimama kuwasikiliza.