Moto wa Uani

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi habari ya maarifa ya porini: kupekecha moto, kufuata nyayo, kutega mitego, kujenga kibanda cha majani. Huenda mtu akauliza, "Mwalimu wa shule ana nini na mambo ya porini?" Swali hilo ni la haki. Tutalijibu kwa kueleza kwanza jambo lililotupata sisi wenyewe, ingawa halitupi sifa.

Siku moja ya masika tuliwachukua vijana wa chuo chetu, wanaojifunza ualimu, tukaenda nao mwendo wa siku mbili ili wayaone mabonde na vilima walivyovisoma katika vitabu vya jiografia. Usiku wa kwanza mvua kubwa ikatunyeshea, na vibiriti vyote tulivyochukua vikalowa. Tulikuwa na unga, tulikuwa na maharagwe, na chini ya paa la dungu la mkulima mmoja palikuwa na kuni kavu. Moto tu hatukuwa nao. Tulikuwa vijana 30 na waalimu wawili. Kila mmoja wetu aliweza kueleza kwa nini vitu viwili vikisuguana hupata joto. Hakuna hata mmoja aliyeweza kuwasha moto. Tukalala na njaa.

Tuliporudi, mpishi wa chuo, mzee ambaye tumemwona jikoni miaka mingi, alisikia habari ile akacheka. Akasema, "Waalimu, miti imewazunguka pande zote, nanyi mwalala na njaa?" Kesho yake akaja uani na vipande viwili vya mti. Cha kwanza ni ulimbombo, mti laini unaolazwa chini, wenye kitundu na mfereji mdogo ubavuni. Cha pili ni ulindi, kijiti kigumu kilichonyoka, kinachosimamishwa kitunduni na kuzungushwa kwa viganja viwili. Mzee akapiga magoti, akaukanyaga ulimbombo kwa wayo mmoja, akaanza kupekecha. Viganja vikashuka mpaka chini, vikarudi juu upesi, vikashuka tena. Moshi ukatoka. Unga mweusi ukajikusanya mferejini, kisha ukawa kaa dogo kama punje ya mtama. Akaliangushia katika makumbi ya nazi aliyoyafikicha, akapuliza taratibu, na moto ukawaka. Haukupita muda wa mtu kuvuta ndoo mbili za maji kisimani.

Tulisimama tukatazama kama watoto wadogo. Na aibu yetu haikuwa ya kutojua tu. Baba zetu walijua. Sisi wenyewe tulipokuwa wadogo tuliwaona wakipekecha moto shambani. Lakini tulipoingia shule tuliambiwa, nasi tukakubali upesi mno, kwamba hayo ni mambo ya ushamba. Tukaona fahari kutembea na kibiriti mfukoni. Walakini kibiriti si kitu cha kale. Aliyeanza kuuza vijiti vya kuwaka kwa kusuguliwa ni John Walker, muuza dawa wa mji wa Stockton katika Uingereza, mwaka 1827. Kabla ya hapo Wazungu nao waligonga jiwe kwa chuma, au waliomba kaa la moto kwa jirani, kama bibi zetu walivyofanya.

Basi tukaanza kutafuta katika vitabu: je, wako watu wengine walioona kuwa maarifa haya yanawaponyoka, wakayarudia? Tukakuta kwamba wako. Tena tukakuta jambo lililotustaajabisha, kwamba wengi wao hawakwenda mbali kuyatafuta. Walianzia nyuma ya nyumba.

Wa kwanza ni Robert Baden-Powell, aliyezaliwa London mwaka 1857. Aliingia shule ya Charterhouse mwaka 1870, na mwaka 1872 shule hiyo ilitoka mjini ikahamia Godalming, mahali penye mashamba. Karibu na shule palikuwa na kijisitu, na wanafunzi walikatazwa kuingia. Yeye aliingia. Humo alijifunza kunyata, akatega sungura, akawapika kwa moto mdogo sana usiotoa moshi, maana moshi ungewaita waalimu. Sisi, kwa kuwa ni waalimu, hatuwezi kusifu kuvunja amri ya shule. Lakini yeye mwenyewe alipokuwa mtu mzima alikitaja kijisitu kile kuwa mahali alipopata mafunzo ya maisha yake, na kweli haifichwi.

Baadaye akawa askari, akaletwa kupigana kusini mwa Afrika. Hapo yatupasa kusimulia habari nzima: alikuja na bunduki, na baadhi ya watu waliomfunza maarifa walikuwa maadui aliotumwa kuwashinda. Mwaka 1896, katika vita vya nchi ya Wamatabele, alitembea usiku katika vilima vya Matopo akipeleleza na kusoma nyayo. Kutoka vita vile alirudi kwao na pembe ndefu ya tandala. Msiisahau pembe hiyo, tutaikuta tena.

Wakati huo ng'ambo ya bahari, Marekani, alikuwako Ernest Thompson Seton, mchoraji na mwandishi wa hadithi za wanyama. Mwaka 1902 alikuwa na shamba lake mahali panapoitwa Cos Cob, katika jimbo la Connecticut. Alilizungushia ua, na wavulana wa kijiji, waliozoea kupita humo, wakakasirika wakaliharibu lango lake. Mtu mwingine angaliita polisi. Seton alikwenda shuleni kwao akawaalika waje kupiga kambi shambani mwake. Wakaja. Akaketi nao kuzunguka moto, akawasimulia habari za wenyeji wa asili wa Marekani, akawafundisha maarifa ya watu hao ya mwituni. Wale waliokuwa adui wa lango wakawa walinzi wake. Hivyo ndivyo kilivyoanza chama chake cha wavulana.

Mwaka 1906 Seton alimpelekea Baden-Powell maandishi yake, kisha wakakutana huko Uingereza. Mwezi wa Agosti mwaka 1907 Baden-Powell aliwachukua wavulana kama 20 mpaka Brownsea, kisiwa kidogo katika bandari ya Poole. Wengine walikuwa watoto wa mabwana, wengine watoto wa wafanya kazi, nao walilala pamoja katika hema. Na kila asubuhi waliamshwa kwa nini? Kwa ile pembe ya tandala. Sauti ya Afrika iliwaamsha watoto wa Kiingereza ili wakajifunze kusoma nyayo, wakati ambapo watoto wa Afrika walikuwa wanaanza kuambiwa shuleni kwamba mambo hayo hayana maana.

Mwaka uliofuata, 1908, alitoa kitabu chake Scouting for Boys, na Maskauti wakaenea duniani. Katika majaribio yaliyowekwa humo, limo moja dogo tulipendalo sana: mvulana awashe moto wa kuni nje ya nyumba, asitumie zaidi ya vijiti viwili vya kibiriti. Jaribio hili halitaki msitu. Mtoto wa mjini aliweza kulifanyia mazoezi nyuma ya nyumba yao mpaka akafaulu. Baden-Powell alimaliza siku zake Nyeri, katika Kenya, akafa tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake liko huko. Juu ya jiwe imechorwa duara yenye nukta katikati, alama ya njiani ambayo kwa Maskauti maana yake ni, "Nimekwenda nyumbani." Alikufa akiwa na warithi wengi wa maarifa yake. Mtu wa pili tutakayemtaja hakuwa na hata mmoja wa damu yake.

Huyo alikuwa wa kabila la Wayahi, katika California. Dhahabu ilipoonekana katika nchi ile mwaka 1848, wageni walimiminika. Katika miaka iliyofuata Wayahi waliuawa kwa bunduki, wengine wakafa kwa njaa na maradhi, na wachache waliosalia wakajificha mabondeni miaka kama 40. Walitembea juu ya mawe wasiache nyayo. Walipika kwa moto mdogo ili moshi usionekane. Linganisheni, wasikilizaji. Mtoto wa Charterhouse aliuficha moshi wake asiadhibiwe. Wayahi waliuficha wao wasiuawe. Ufundi ni mmoja, lakini mmoja aliujua kwa mchezo, na wengine kwa roho zao.

Tarehe 29 Agosti 1911 mtu wa mwisho wa kabila lile alitokea peke yake karibu na mji wa Oroville, amekonda kwa njaa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Alfred Kroeber na Thomas Waterman, walimpeleka kukaa katika jumba la makumbusho mjini San Francisco. Kwa desturi ya kwao hakulitamka jina lake mwenyewe, kwa hiyo Kroeber alimwita Ishi, na maana yake katika lugha yake ni "mtu." Siku za Jumapili watu wa mjini walikuja kumwona akipekecha moto kwa vijiti, na kuchonga vyembe vya mishale kwa mawe na kwa vioo vya chupa. Karibu na jumba lile palikuwa na hospitali, na daktari mmoja, Saxton Pope, akawa rafiki yake. Daktari hakutosheka kutazama. Aliomba afundishwe, akajifunza kuuchonga upinde na kuuvuta, mwanafunzi mwenye elimu ya juu mbele ya mwalimu asiyejua kusoma. Ishi alikufa kwa kifua kikuu tarehe 25 Machi 1916. Mwaka 1923 Pope alitoa kitabu juu ya kuwinda kwa upinde, na kwa njia hiyo wengi wakajifunza ufundi uliopitia mikono ya yule mtu mmoja.

Tulipofika hapo katika kusoma kwetu, tulikifunga kitabu tukatazamana. Ishi hakuwa na mtoto wa kwao wa kumfunza. Waliokuwa wake walikwisha kufa. Mzee wetu wa jikoni anao vijana 30 mbele ya mlango wake kila siku. Tukamwendea. Tukasema, "Shikamoo, mzee. Twaomba utufundishe." Akaitikia, "Marahaba," akanyamaza kidogo, akakoroga chungu chake. Kisha akasema, "Huu ni mwaka wangu wa kumi na saba hapa. Hakuna aliyeniuliza."

Hakuyasema kwa hasira, lakini maneno yale yalituchoma kuliko njaa ya usiku ule.

Tukaanza siku ile ile, saa kumi, baada ya masomo. Tulifagia kipande cha uani mbali na paa za makuti, tukaweka ndoo ya maji karibu, maana moto ni moto hata ukiwa wa mafunzo. Makosa yetu yalikuwa mengi. Tulikata mti mbichi, ukatoa mvuke badala ya moshi. Tulianza kwa kasi, tukachoka kabla ya unga kuwa mweusi. Tulichimba mfereji mfupi mno, unga ukamwagika nje ukapoa. Mmoja alipata kaa, na tone la jasho la uso wake likaliangukia likalizima. Viganja vilitoka malengelenge. Mzee alipita akasema, "Msishindane na mti. Usikilizeni." Siku ya 12 kijana mmoja mwembamba, ambaye darasani huketi nyuma wala hanyoshi mkono, aliwasha moto. Wenzake walimbeba juu. Sisi waalimu tulifaulu katika wiki ya tatu, nasi hatukubebwa na mtu.

Wahenga walisema, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Kwa ulindi na ulimbombo methali hii ni kweli ya mwili na ya roho pia, maana huwezi kupekecha moto ukiwa umesimama, wala huwezi kumwuliza mzee wa jikoni jambo usilolijua ukiwa umejivuna.

Hatusemi kwamba watu waache kibiriti. Sisi tunacho mfukoni hata sasa tunapozungumza. Wala hatusemi kwamba kila desturi ya zamani ni njema. Twasema neno moja tu: maarifa ya mikono hayakai katika kumbukumbu, wala kitabu peke yake hakiyatunzi. Hukaa mikononi, na mikono isipoyatumia huyapoteza katika maisha ya mtu mmoja. Ndivyo tulivyoyapoteza sisi, kati ya baba na mwana, pasipo vita wala tauni. Kuyarudisha hakutaki msitu. Kwataka kipande cha uani, saa moja ya jioni, na mtu mmoja ajuaye ambaye bado yu hai.

Kwa hiyo, ninyi mtusikilizao, mwangalieni mzee aliye karibu nanyi: huyo alindaye lango, huyo asukaye vikapu barazani, bibi ajuaye mboga za mwituni. Mwamkieni, kisha mwulizeni leo.

Mzee wetu sasa hukaa uani kila Jumamosi, nao vijana humzunguka. Moto wa kwanza upatikanao hauzimwi. Yeye huuchukua kwa kigae, akaupeleka jikoni, na kwa moto huo hupika chakula cha jioni cha chuo kizima.